Njia ya Kushukia Supai: Nani Aliwafanya Wahavasupai Kuwa Watu wa Korongoni?

Utangulizi

Neno korongo lina maana mbili katika Kiswahili. Kwetu Uganda, mwanafunzi akilisikia humfikiria kwanza yule ndege mwenye shungi la dhahabu aliyemo katikati ya bendera ya taifa. Maana ya pili ni bonde jembamba lenye kuta za mawe lililochimbwa na maji kwa muda mrefu. Insha hii inahusu korongo la maana ya pili, na hasa watu wanaoishi ndani yake. Watu hao ni Wahavasupai wa jimbo la Arizona, Marekani. Kijiji chao cha Supai kimo katika korongo la Havasu, ambalo ni tawi la korongo kubwa liitwalo Grand Canyon.

Karibu kila maandishi niliyosoma juu ya Supai yanaanza kwa kutaja umbali wake. Hakuna barabara ya gari inayofika kijijini. Barabara inakoma juu ukingoni, mahali paitwapo Hualapai Hilltop. Kutoka hapo msafiri hushuka kwa miguu au kwa farasi mwendo wa kilomita 13 hivi, au hupanda helikopta. Barua na vifurushi vya posta hushushwa kwa nyumbu mpaka leo, nyumbu wale wanaozaliwa na punda na farasi, si wale wa Serengeti. Kwa sababu hiyo waandishi wengi huwaeleza Wahavasupai kama watu waliojificha, watu wa korongoni ambao dunia iliwasahau.

Mimi nina hoja tofauti. Wahavasupai hawakuwa watu wa korongoni tu. Walifanywa kuwa hivyo na amri ya serikali iliyotiwa saini mwaka 1882, na maisha yao tangu hapo yamekuwa juhudi ya kuifungua tena njia ya kupanda. Kwa mgeni, njia ya Supai ni ya kushuka. Kwa mwenyeji ilikuwa pia ya kupanda, na tukiisahau nusu hiyo hatuwezi kuielewa historia yao. Safari yangu mwenyewe katika korongo hili imekuwa ya maktaba na ramani. Nimewafuata wasafiri waliotangulia, kisha nikazifuata sheria zilizokuja nyuma yao. Katika kila kipindi nimejiuliza swali moja: nani anapita njia hii, na kwa ruhusa ya nani?

Mwaka wa sehemu mbili

Wahavasupai hujiita Havsuw 'Baaja, maana yake watu wa maji ya rangi ya buluu na kijani. Kijito cha Havasu kina rangi hiyo kwa sababu maji yake yamebeba chokaa nyingi iliyoyeyuka. Chokaa hiyo ikiganda hujenga kingo na mabwawa chini ya maporomoko, na ndiyo inayoyapa mahali hapo sura inayopendwa na wapiga picha. Lugha yao ni ya jamii ya Kiyuma, na ni ndugu wa karibu sana wa lugha ya majirani zao Wahualapai.

Kabla ya serikali ya Marekani kufika, mwaka wao ulikuwa na sehemu mbili. Wakati wa joto waliishi chini, kando ya kijito, wakalima mahindi, maharage na maboga kwa kumwagilia maji kwa mifereji. Baadaye waliongeza miti ya pichi, tunda lililoletwa bara la Amerika na Wahispania. Mavuno yakiisha na baridi ikianza, familia nyingi zilipanda kwenye uwanda wa juu. Huko waliwinda kulungu na sungura, wakaokota kokwa za misonobari midogo, wakapata kuni za kutosha na maji ya chemchemi na ya theluji. Chini ya korongo wakati wa baridi jua huonekana kwa saa chache tu na kuni ni haba. Majira yakigeuka walishuka tena kupanda mbegu.

Wanafunzi wenzangu wanaotoka Karamoja wataelewa jambo hili upesi kuliko sisi tunaotoka kwenye mashamba ya kudumu. Mfugaji anayewapeleka ng'ombe mbali wakati wa kiangazi hajalihama boma lake, na malisho ya mbali si ya bure kwa sababu tu leo hayupo pale. Sehemu zote mbili ni nyumbani kwake. Kwa Wahavasupai, korongo lilikuwa shamba, na uwanda wa juu ulikuwa mawindo, ghala la kuni na makao ya baridi. Kwa ukubwa, sehemu ya juu ndiyo iliyokuwa karibu nchi yao yote.

Wala hawakuwa wamejificha. Walifanya biashara na Wahopi walioishi upande wa mashariki. Waliwapelekea ngozi za kulungu zilizolainishwa vizuri na udongo mwekundu wa kujipaka, nao wakapata nguo za pamba na vyungu. Walikuwa na mashamba mengine chini ya ukingo wa kusini wa Grand Canyon, mahali penye chemchemi ambapo wageni baadaye walipaita Indian Garden. Mtu mwenye mashamba katika makorongo mawili na wateja mwendo wa siku kadhaa hawezi kuitwa mtu aliyesahauliwa.

Wageni watatu

Msafiri wa kwanza niliyemfuata ni Francisco Garcés, padre wa Kihispania wa shirika la Wafransisko. Aliwafikia Wahavasupai mwezi Juni 1776. Aliongozwa na wenyeji wa nchi zile, na katika sehemu moja ya njia alikuta ngazi ya mti ya kushukia mwamba. Alipokelewa, akakaa siku chache, akala chakula cha wenyeji wake, kisha akaendelea hadi Oraibi kwa Wahopi. Wahopi walimkataa, na tarehe 4 Julai 1776 ilimbidi aondoke. Siku hiyo hiyo, upande mwingine wa bara, wajumbe waliokutana Philadelphia walikuwa wakipitisha tangazo la uhuru wa Marekani. Ilikuwa sadfa tu, lakini inatusaidia kukumbuka mpangilio wa mambo: Wahavasupai walikuwa na mashamba na njia zao kabla ya kuwapo kwa taifa ambalo baadaye liliwapa ruhusa ya kuyatumia.

Kwa Garcés, jibu la swali langu ni rahisi. Alipita kwa ruhusa ya wenyeji. Bila viongozi wa njia asingejua pa kushukia, na bila chakula chao asingekaa. Alipokataliwa na Wahopi aliondoka. Mgeni alikuwa mgeni.

Msafiri wa pili ni luteni Joseph Ives wa jeshi la Marekani. Kufikia wakati wake eneo lilikuwa limebadilisha mkono, kwani mkataba wa mwaka 1848 uliomaliza vita kati ya Marekani na Meksiko uliitoa nchi hii kwa Marekani. Ives alitumwa kuuchunguza mto Colorado. Alianza kwa meli ndogo ya mvuke, na mto ulipokataa akaendelea nchi kavu. Mwezi Aprili 1858 kundi lake lilifika juu ya korongo la Wahavasupai. Mchoraji wake, Egloffstein, alijaribu kushuka kwa ngazi ya wenyeji, ngazi ikakatika, akaanguka chini. Hakuumia sana. Kwa kuwa hakuweza kurudi mara moja, aliendelea mbele hadi akakiona kijiji, na baadaye wenzake wakamvuta juu kwa mikanda ya bunduki iliyofungwa pamoja.

Katika ripoti yake iliyochapishwa mwaka 1861, Ives aliliona eneo lile kuwa halina faida yoyote. Alitabiri kwamba kundi lake lilikuwa la kwanza la Wazungu kulitembelea na kwamba huenda likawa la mwisho. Watu wengi hucheka utabiri huu, kwa kuwa leo Grand Canyon hutembelewa na mamilioni kila mwaka. Mimi naona kuna jambo zito zaidi ya kosa la utabiri. Ives alisimama juu ya mashamba yenye mifereji, katika nchi yenye njia na ngazi zilizotengenezwa na mikono ya watu, akaandika kwamba haina faida. Hakuuliza faida kwa nani. Nchi ikishaandikwa kuwa haina faida kwa mtu yeyote, ni rahisi kuichukua bila kuona kwamba kuna aliyenyang'anywa.

Wa tatu ni Frank Hamilton Cushing, mtafiti wa tamaduni aliyekuwa akiishi na Wazuni. Alifika mwaka 1881 akiongozwa na Mzuni, na mwaka uliofuata akachapisha habari za safari yake katika gazeti moja kubwa, akiwaita Wahavasupai taifa la mierebi, kwa sababu ya miti iliyojaa kando ya kijito. Cushing aliandika kwa heshima kuliko Ives. Hata hivyo picha aliyowaachia wasomaji ni ya kijiji kilichofichwa kati ya kuta nyekundu.

Hapa kuna somo la matumizi ya vyanzo ambalo walimu wetu hutukumbusha mara kwa mara. Msafiri huandika alichokiona katika siku alizokaa. Anayefika mashamba yakiwa yamelimwa huwakuta watu mashambani. Anayeshuka korongoni humwona mtu wa korongoni. Asiyekaa mwaka mzima haoni kwamba miezi michache baadaye nyumba za chini zitabaki karibu tupu na moshi utakuwa juu kwenye uwanda. Wasafiri hawa hawakusema uongo, lakini waliishuhudia nusu ya mwaka, na nusu hiyo ndiyo iliyoingia kwenye ramani.

Amri ya mwaka 1882

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 watafuta madini walikuwa wameanza kushuka korongoni kutafuta risasi na fedha. Mmoja wao, Mooney, alianguka akafa kwenye poromoko refu la kijito cha Havasu, na poromoko hilo likapewa jina lake. Wakati huo huo reli ilikuwa ikipita kaskazini mwa Arizona, na pamoja nayo walikuja wafugaji wenye makundi makubwa ya ng'ombe. Nchi iliyokuwa haina faida mwaka 1861 ilianza kuwa na wateja.

Mwaka 1880 Rais Rutherford Hayes alitoa amri ya kuwatengea Wahavasupai eneo la kilomita 19 hivi kwa 8. Tayari hilo lilikuwa kipande kidogo cha nchi yao. Tarehe 31 Machi 1882 Rais Chester Arthur alitoa amri nyingine iliyolipunguza eneo hilo hadi ekari 518, yaani karibu hekta 210. Mpaka ulifuata chini ya korongo, mahali palipo na mashamba na nyumba za wakati wa joto. Uwanda wote wa juu ukawa mali ya serikali, wazi kwa mwenye reli, mfugaji au mtafuta madini. Kwa kipimo cha kwetu, ekari 518 ni ukubwa wa shamba la mtu mmoja mwenye uwezo. Taifa zima liliwekwa humo.

Kwa miaka kadhaa amri hii haikuonekana sana, kwa kuwa karatasi haina ukuta. Familia ziliendelea kupanda wakati wa baridi kama zamani. Lakini wafugaji walizishika chemchemi, na katika nchi kavu mwenye chemchemi ndiye mwenye nchi. Kisha zikaja sheria za uhifadhi. Mwaka 1893 uwanda ukawekwa ndani ya hifadhi ya misitu. Mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt akalitangaza Grand Canyon kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1919 likawa hifadhi ya taifa. Kila mara jina la ardhi lilipobadilika, ofisi ya kuombwa ruhusa ilibadilika pia. Mtu aliyezaliwa uwandani alihitaji kibali ili farasi wake wale majani pale pale.

Lugha yetu yenyewe inaonyesha tatizo hili. Kiswahili kinasema hifadhi, neno linalotokana na kulinda. Hifadhi ya taifa inalinda wanyama, miti na mandhari. Yanapoandikwa maeneo waliyotengewa wenyeji asilia wa Amerika, baadhi ya watafsiri hutumia neno hilo hilo. Kwa Wahavasupai, hifadhi ya pili iliwafungia chini na ile ya kwanza ikawazuia juu. Ndiyo maana katika insha hii nimesema eneo tengwa.

Mwaka 1928 unastahili kusimuliwa peke yake. Mwaka huo idara ya hifadhi ilikuwa ikijenga daraja la kuning'inia juu ya mto Colorado ili wageni na nyumbu wavuke. Kebo za chuma za daraja hilo zilikuwa ndefu mno kubebwa na wanyama kwenye njia ya mizunguko mikali, na kila moja ilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Wanaume 42, wengi wao Wahavasupai, walizibeba mabegani, wamejipanga mstari mmoja, wakashuka nazo hadi mtoni. Daraja hilo linatumika mpaka leo. Katika mwaka huo huo, idara hiyo ilimwondoa Mhavasupai wa mwisho aliyekuwa akiishi Indian Garden, kwenye yale mashamba ya kale chini ya ukingo wa kusini. Nguvu zao zilihitajika ndani ya hifadhi, lakini makazi yao hayakuhitajika.

Fedha si ardhi

Madai ya Wahavasupai hayakuanza na wanasheria. Wazee wao waliendelea kulalamika kwa kila ofisa aliyefika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Marekani iliunda tume ya kusikiliza madai ya wenyeji asilia waliopoteza ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 tume hiyo ilikubali kwamba Wahavasupai walinyang'anywa zaidi ya ekari milioni mbili bila haki. Malipo yalihesabiwa kwa thamani ya wakati wa kunyang'anywa: takriban senti 55 kwa ekari, jumla dola milioni 1.24.

Tume hiyo ilikuwa na uwezo wa kulipa fedha tu. Haikuwa na uwezo wa kurudisha hata ekari moja. Kwa hiyo mdai alikuwa na njia mbili mbaya: apokee fedha na aonekane ameuza, au azikatae na abaki mikono mitupu. Wahavasupai walizipokea, lakini hawakuacha kuidai ardhi. Waliona kwamba fidia na urudishaji ni mambo mawili, na kwamba la kwanza halipaswi kulifunga la pili. Huo ni uamuzi ambao wanafunzi wa historia ya ardhi kokote wanapaswa kuutazama kwa makini.

Nafasi ilipatikana Bunge la Marekani lilipoanza kujadili sheria ya kuipanua hifadhi ya Grand Canyon katika miaka ya 1970. Wahavasupai walituma wajumbe wao Washington kuomba kwamba hifadhi isipanuliwe juu ya vichwa vyao kwa mara nyingine. Seneta Barry Goldwater wa Arizona alikuwa upande wao. Upinzani mkubwa ulitoka mahali ambapo wengi wetu tusingepatarajia, kwa watetezi wa mazingira, likiwemo shirika la Sierra Club. Walihofia kwamba ardhi ikitoka mikononi mwa hifadhi itajengwa mahoteli na barabara, na kwamba makabila mengine yatadai hifadhi nyingine.

Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu miaka michache nyuma watetezi hao walikuwa wamepigana kuzuia mabwawa ya umeme ndani ya Grand Canyon. Lakini ilisimama juu ya dhana ile ile ya Ives iliyogeuzwa upande wa pili. Ives aliiona nchi tupu isiyo na faida. Wao waliiona nchi tupu yenye uzuri. Katika picha zote mbili hakuna mtu anayeokota kokwa za msonobari.

Tarehe 3 Januari 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyowarudishia Wahavasupai takriban ekari 185,000 za uwanda wa juu. Juu ya hizo, iliwapa haki ya matumizi ya kimila katika ekari nyingine zaidi ya 95,000 ndani ya hifadhi. Masharti yalikuwa mengi: hakuna uchimbaji wa madini wa kibiashara, hakuna ukataji wa miti wa kibiashara, na ardhi ibaki katika hali yake ya asili. Ilikuwa sehemu ndogo ya ilichochukuliwa, tena yenye masharti. Lakini ilikuwa ardhi, na kwa mara ya kwanza tangu 1882 njia ya kupanda iliwafikisha wenyewe mahali palipo pao kisheria.

Njia ya leo

Leo anayetaka kushuka Supai huomba kibali, na safari hii anakiomba kwa Wahavasupai. Utalii ndio chanzo chao kikubwa cha mapato. Kibali kina maana zaidi ya ada: mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea waliifunga njia, na hawakuifungua kwa watalii mpaka Februari 2023. Katikati ya kipindi hicho, Oktoba 2022, mafuriko yaliharibu njia na madaraja. Mafuriko si mapya. Yale ya Januari 1910 yalikiharibu kijiji, na yale ya Agosti 2008 yaliwalazimu wakazi na watalii kuondolewa kwa helikopta. Korongo jembamba ni mahali pa hatari kwa watu wanaolazimika kukaa humo miezi yote kumi na miwili.

Ruhusa haihusu kupita njia tu. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua sampuli za damu za Wahavasupai, ambao waliombwa msaada katika utafiti wa kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwasumbua sana. Baadaye waligundua kwamba damu yao ilitumika pia katika tafiti nyingine, za ugonjwa wa akili wa skizofrenia na za uhamaji wa watu wa kale, mambo ambayo hawakuyaelewa kuwa ndiyo waliyoyakubali. Walishtaki. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha sampuli zilizobaki. Kesi hiyo sasa hufundishwa katika masomo ya maadili ya utafiti. Kwetu wanafunzi, ambao kila mwaka tunatumwa vijijini na madodoso, inafaa isomwe kabla hatujaanza kuuliza swali la kwanza.

Tatizo kubwa lililobaki liko juu tena. Kusini mwa Grand Canyon, karibu na kilima cha Red Butte ambacho kwao ni kitakatifu, kuna mgodi wa urani. Wahavasupai wameupinga kwa miongo kadhaa, kwa kuwa chemchemi za kijito cha Havasu hulishwa na maji yaliyo chini ya uwanda ule, na kijiji kizima kinategemea kijito hicho. Mnamo Agosti 2023 Rais Joe Biden alitangaza zaidi ya ekari 900,000 kuzunguka Grand Canyon kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa, na kuzuia madai mapya ya madini humo. Mgodi uliokuwa na haki tangu awali haukufungwa. Jina la eneo hilo limeunganisha maneno ya Kihavasupai yenye maana ya mahali makabila yanapotembea, na ya Kihopi yenye maana ya nyayo za wahenga wetu. Mwaka mmoja kabla yake, Indian Garden ilikuwa imebadilishwa jina rasmi na kuitwa Havasupai Gardens. Majina hayo hayarudishi ardhi, lakini yanaondoa ule uongo kwamba nchi ya juu haikuwa na watu.

Kwa nini tusome haya Uganda

Mimi nimezaliwa Kisoro, chini ya mlima Muhavura. Msitu wa Mgahinga na ule wa Bwindi ulifanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, na Wabatwa walioishi kwa kutegemea misitu hiyo waliondolewa. Nilipokuwa mtoto, Wabatwa niliowafahamu walikuwa vibarua katika mashamba ya watu wengine, na sisi watoto tuliamini kwamba hivyo ndivyo walivyo, watu wasio na ardhi, kana kwamba kukosa ardhi ni tabia ya kabila. Ni miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwetu hali hiyo ilipotengenezwa, lakini tayari ilionekana ya tangu zamani.

Mambo haya mawili hayafanani kwa kila kitu. Wahavasupai walibakiziwa ekari 518. Wabatwa hawakubakiziwa kitu. Lakini swali la ruhusa ni lile lile. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba Wabatwa waliondolewa bila fidia ya kutosha. Kabla ya hapo, tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilikuwa imeamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogieki katika msitu wa Mau. Waogieki waliambiwa kwamba uhifadhi wa msitu hauwezi kuwa sababu ya kutosha ya kuwafukuza watu walioutunza. Wahavasupai walikuwa wametoa hoja hiyo mbele ya Bunge la Marekani miaka arobaini na zaidi kabla.

Sisemi kwamba hifadhi zivunjwe. Sokwe wa Mgahinga wasingekuwapo bila ulinzi, na familia nyingi Kisoro zinakula kwa sababu yao. Ninasema kwamba mfano wa mwaka 1975 unaonyesha kwamba ardhi inaweza kurudishwa kwa wenyewe na bado ikalindwa. Uwanda uliorudishwa haukujengwa mahoteli. Karibu nusu karne imepita, na kila hofu iliyotolewa bungeni inaweza sasa kupimwa kwa kutazama ardhi yenyewe.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba umbali wa Supai ulitokana na mawe na pia na sheria. Mto ulichimba kuta, lakini amri ya mwaka 1882 ndiyo iliyowaamuru watu wakae kati yake mwaka mzima. Wasafiri waliotangulia waliisaidia amri hiyo bila kukusudia, kwa kueleza walichokiona chini na kutofuata njia ya kupanda. Wahavasupai nao, kwa kukataa kuhesabu fedha kuwa ardhi, walirudishiwa sehemu ya uwanda wao, na sasa wao ndio wanaoamua nani ashuke.

Wenzangu tunaosoma historia tutakutana na watu wengi walioelezwa kama watu wa mbali: wa msituni, wa milimani, wa visiwani. Kabla ya kuliandika neno hilo katika insha zetu, tutafute kwanza ramani ya zamani kuliko ile ya mpaka wa sasa, na tuwaulize wazee wao walikuwa wakienda wapi wakati wa baridi au wa kiangazi. Mara nyingi jibu litatuonyesha sehemu ya nchi yao ambayo ramani ya leo inaiita jina jingine.